Mtu Wake Chini

Utando wa kwanza ulikuwa na kiputo cha hewa ndani. Wa pili ulikunjamana pembeni. Wa tatu, Generoza aliuvalisha kwenye kichwa cha mita polepole, kama mtu anayemvalisha mtoto mgonjwa soksi, akaukaza, akauelekeza dirishani na kuutazama kwa jicho moja. Ulikuwa safi. Hakuna kiputo, hakuna mkunjo. Hapo ndipo uchovu ulipomshukia wote kwa mkupuo, maana sasa hakuwa tena na wa kumsingizia.

"Haya, bibi wewe," aliiambia mita. "Umevaa nguo mpya. Sema tena uongo tukuone."

Generoza Ntahondi alikuwa mpimaji wa oksijeni ya maji katika kituo cha juu, yaani lile jukwaa la chuma linaloelea juu ya Ziwa Tanganyika, lenye chumba kimoja, jiko la mafuta, na lifti ya kushukia Mtaa wa Chini, uliojengwa ndani ya maji. Zamu yake ilikwisha zamani. Mwenzake alikwenda mjini kung'oa jino, na jino gani hilo lisilokubali kung'oka, Mungu ndiye ajuaye. Mita ya pili nayo ilipelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, ikalowea huko huko kama mtu aliyepata mke mwingine. Kwa hiyo mita ilikuwa hiyo moja, mtu alikuwa huyo mmoja, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyeshinda anapuliza kuni mbichi.

Kwanza alikitumbukiza kichwa cha mita katika chupa ya maji maiti. Ndivyo wapimaji wanavyoyaita: maji yaliyotiwa dawa inayokula oksijeni yote, isibaki hata ya kumtosha kiluwiluwi. Mita iliyo nzima ikiingizwa humo lazima isome sifuri. Ilisoma sifuri. Akakisuuza kile kichwa, akakipangusa kwa kitambaa laini cha pamba, kwa sababu tone moja tu likining'inia kwenye utando linatosha kuipotosha mita kutwa nzima. Kisha akakisimamisha ndani ya kikombe chenye sponji iliyoloa, juu ya sponji bila kuigusa, akafunika.

Sasa kungoja. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wanaodhani ni kubonyeza vitufe wamepotea. Unakiacha kichwa katika hewa iliyoshiba unyevu mpaka kitulie, halafu unaiambia mita mgandamizo wa hewa wa mahali ulipo, nayo inajua: hewa ya hapa ina oksijeni kiasi hiki, hii ndiyo mia kwa mia yangu, mengine yote nitayapima kwa hii. Ukiidanganya hapo, itawadanganya wengine kwa niaba yako, tena kwa uso mkavu.

Melkiori aliingia bila hodi. Alikuwa mwendesha lifti, mtu wa miraba minne, mikono imejaa grisi mpaka viwikoni. Mkewe Devota aliishi Chini, ana ujauzito wa miezi saba, na tangu asubuhi Melkiori alikuwa akitoka na kuingia kama mwenye tumbo la kuhara.

"Dada, vipi?"

"Subiri."

"Nimesubiri tangu alfajiri."

"Basi si umeshazoea."

Generoza alisoma barometa ya ukutani, akaingiza namba, akabonyeza. Wakatoka wote wawili hadi ukingoni. Alikishusha kichwa cha mita kwa waya wake mrefu mpaka usawa wa mapaa ya Chini, akawa anakipandisha na kukishusha taratibu, kwa sababu kikitulia mahali pamoja hula oksijeni iliyo mbele yake, kisha kikaanza kulalamikia njaa ya kujitakia. Namba zilishuka, zikasita, zikasimama.

Mbili nukta nane.

Utando wa tatu, namba ile ile. Melkiori alisonya, akaligeukia ziwa kana kwamba limemtukania mama.

Nyumba za Mtaa wa Chini zilijengwa kwa kuta zinazovuta hewa kutoka majini, kama mashavu ya samaki. Watu walihamia huko joto la nchi kavu lilipowashinda. Wakazaa, wakaotesha mboga kwa mwanga wa taa, wakagombania mipaka ya vibaraza kama watu wa popote. Mradi maji yana oksijeni ya kutosha iliyoyeyuka, mtaa unapumua. Ikishuka chini ya tatu, kuta zinaingiza hewa kidogo kuliko watu wanavyoitumia. Ikishuka zaidi, kuta zinageuka: zinainyonya hewa ya vyumbani na kuirudisha ziwani. Na ubaya wa hewa kupungua ni kwamba haibishi hodi. Hukabwi, hukohoi. Unasinzia tu, unasema ngoja nijinyooshe kidogo, basi tena.

Mkosaji alikuwa upepo wa kusini. Ulikuwa umevuma bila kupumzika, ukalisukuma ziwa upande mmoja na kuyapandisha maji ya kilindini, na maji ya kilindi cha Tanganyika hayajaonja hewa tangu enzi za mababu wa mababu.

Asiyejua angesema, si muwapandishe watu? Subutu! Mwili uliozoea uzito wa maji hupandishwa kidogo kidogo, na lifti inapokwenda mwendo wake wa kawaida, kundi moja huchukua siku nzima na zaidi. Mwendo wa dharura ni wa mbio, na wenye miili dhaifu hauwaachi hai. Zamani king'ora kilikuwa cha kujiendesha chenyewe, kimeunganishwa na mita. Siku moja kikalia. Watu wakapandishwa mbio mbio, wakafa wanne: wazee wawili, na mjamzito mmoja pamoja na kilichokuwa tumboni. Halafu ikagundulika maji yalikuwa mazima kabisa. Mwani tu ulikuwa umeota juu ya utando wa mita, na hakuna aliyeufuta.

Watu wa Chini walikivunja kile king'ora kwa nyundo. Wakaweka sharti lao, na serikali ikakubali kwa kuwa haikuwa na la kujibu: anayepima awe binadamu, na awe na mtu wake wa damu anayeishi Chini. Mtu asiye na wa kumlilia, walisema, hatumtaki tena atupimie pumzi.

Mtu wa Generoza alikuwa mama yake, Bi Yudita, mwenye kifua kibovu. Daktari alishamwambia Generoza kwamba mama huyo akipandishwa kwa mwendo wa dharura, hatafika juu akiwa hai. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka, kwa kuwa naye alikuwa na foleni mlangoni.

*

"Dada," alisema Melkiori walipokuwa wamerudi ndani, "leo redio imetaja mgandamizo wa hewa."

Generoza alijua mazungumzo hayo yanaelekea wapi. "Melki, usianze."

"Tupime kipwani. Mara moja tu."

Kupima kipwani! Ulikuwa utani wa wapimaji wote wa ziwa lile. Redio hutangaza mgandamizo uliokwisha kurekebishwa, kana kwamba nchi nzima tunaishi ufukweni, ili wataalamu wa hali ya hewa waweze kulinganisha mji na mji. Lakini Tanganyika iko juu sana kuliko bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mwanagenzi akiichukua namba ya redio na kuiingiza kwenye mita, mita inadhani hewa ya hapa ni nzito kama ya Tanga, na maji yoyote itakayoyapima baadaye itayasifia kuliko yalivyo. Kila mpimaji aliwahi kulifanya kosa hilo siku zake za mwanzo, na alitaniwa mpaka anastaafu. Mtu akikaa kusifia wali wa mkewe uliotoka bokoboko, wenzake humwambia, wewe bwana unapima kipwani.

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Itasoma tatu na chembe," alisema Melkiori. "Nimepiga hesabu."

"Najua itakavyosoma."

"Na hiyo tatu yenyewe nani aliiweka? Waoga wa lawama. Wameacha nafasi pale, dada, lazima wameacha. Upepo ukilala jioni, nani atajua?"

"Na usipolala?"

"Utalala."

"Umeongea nao?"

Melkiori aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akashika kichwa, grisi ikampaka nywele. "Devota ana miezi saba. Mara ile alikufa mwenye mitano. Na mimi ndiye nitakayeiendesha ile lifti, unanielewa? Mimi, kwa mikono yangu hii. Wewe mama yako yuko pale pale. Wote wawili tuna watu wetu. Nani wa kutulaumu?"

"Ndiyo maana wakatuweka hapa, Melki. Kwa sababu tuna watu."

"Basi walikosea! Walidhani mwenye mtu ndiye atakayesema kweli. Mwenye mtu ndiye wa kwanza kuutamani uongo."

Generoza alikuwa amechoka mno, na isitoshe jamaa alikuwa amesema lililo moyoni mwake yeye mwenyewe. Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Simu ya Chini ikaita.

Sharti lilikataza mpimaji kuzungumza na mtu wake kabla ya kutangaza namba. Lakini mama akipiga yeye, utafanyaje? Utamkatia simu mama yako?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo huo. Sauti yenyewe ina njaa." Bi Yudita alikohoa, kikohozi kirefu cha mtu anayeburuta meza juu ya sakafu. "Devota yuko hapa ananisuka. Anasema mwambie mumewe aoge, harufu ya grisi inatufikia mpaka huku."

Nyuma yake Devota alisikika akicheka na kukana. Generoza alimtupia Melkiori jicho, akakuta ameinamisha uso.

"Nitamwambia, mama."

"Generoza."

"Abee, mama."

"Huku mtaani wanasema tangu asubuhi mmeshusha waya mara tatu."

"Tunabadilisha utando. Matengenezo ya kawaida tu."

"Aha." Sauti yake ikashuka, kama ya mtu aliyegeukia ukutani ili asisikiwe. "Mwanangu, mimi sitaki kupanda. Watu wanapenda wazee wao wawe majasiri. Mimi si jasiri. Naogopa. Niliwaona wale wanne walivyofika, mimi ndiye niliyemfunga mmoja taya. Kama kuna namna yoyote ya kufanya, ifanye."

Generoza aliitazama barometa ukutani.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Haya. Ukale sasa."

*

Melkiori alikuwa amesikia yote.

Generoza alikirudisha kichwa cha mita kwenye kikombe. Akafunika, akangoja kitulie. Kisha, tusifichane, akaingiza namba ya redio. Akabonyeza. Wakatoka, akashusha waya, akaupandisha na kuushusha taratibu kama inavyotakiwa, maana hata katika uongo mkono wake ulikataa kazi ya ovyo.

Tatu. Tatu na chembe.

Lo, jinsi alivyofarijika! Mabega yalimteremka. Alijiona tayari amelala chini ya neti, chai ya tangawizi pembeni, mama yake anasukwa huko chini na kusengenya majirani. Melkiori alikuwa analia waziwazi, makamasi yanamtoka, anasema asante dada, Mungu akuongezee, watoto wangu watakuita shangazi.

Faraja hiyo ndiyo iliyomtisha. Asubuhi mita iliposema mbili nukta nane, alibadilisha utando. Iliposema tena, akabadilisha tena, akatafuta viputo, akatafuta mikunjo, akaitia kwenye maji maiti. Sasa imesema tatu, na hakuna kati yao aliyefikiria hata kuutazama utando. Laiti ingesema tatu tangu alfajiri, angekunywa chai yake akalala bila kufungua hata boksi la vipuri. Miaka yote hiyo alijiona mpimaji makini, na kumbe leo kutwa nzima alikuwa anaiwinda namba moja tu, ile aliyoitaka. Aliona aibu, akaona na hasira.

Akawafikiria watoto wa shule ya Chini, ambao hulazwa mikekani adhuhuri. Nani angeshangaa watoto wakilala?

"Melki," alisema. "Toa huo waya."

"Dada, usifanye hivyo."

"Toa waya, kaka yangu. Ukawashe lifti."

Melkiori alisimama mlangoni, kati yake na simu. Alikuwa mkubwa kiasi cha kuuziba mlango wote. Generoza hakuwa na ubavu wa kumsogeza, na wote wawili walilijua hilo.

"Nikikataa kuiwasha?"

"Nitaiwasha mimi. Na mimi siijui vizuri, unajua. Na Devota atakuwa ndani."

Yalikuwa maneno makali, naye alijua ni makali wakati anayasema. Melkiori akapita pembeni yake bila kumgusa, akaenda kwenye mashine zake.

Generoza alisawazisha upya kwa barometa ya ukutani. Hakuwa na shaka tena, lakini hakutaka kutangaza kifo cha mtu kwa mita iliyopimiwa kipwani. Akashusha waya. Mbili nukta saba. Maji yalikuwa yanaendelea kushuka. Akanyanyua simu, akafungua laini ya mtaa mzima.

"Watu wa Chini. Mimi Generoza, mwenye mama yangu Yudita katika nyumba za bondeni, nasema maji hayatoshi. Pandeni."

Ndivyo sharti linavyotaka: umtaje mtu wako kwa jina, wote wasikie nawe umemweka wapi. Alijiambia, basi, nimemuua mama yangu, na akalikubali pale pale akiwa amesimama, kama mtu anayekubali kutwishwa gunia analolijua uzito wake. Tangu alfajiri hakuwahi kuwa mtulivu kiasi kile. Aliamini ameshajua ni nani atakayeumia, na kwamba ni yeye.

*

Makundi yalipanda moja baada ya jingine. Melkiori aliiendesha lifti kwa mwendo wa pole uliowezekana, akiisimamisha njiani kila alipothubutu, na kila lifti ilipokuwa ikipanda Generoza alipima na kumsomea namba kwa kipaza sauti ili ajue bado ana nafasi kiasi gani. Hawakusemezana jingine. Mbili na nusu. Mbili na chembe. Watu walitoka wakiyumba, wengine wanatokwa damu puani, wakipokewa kwa mablanketi na boti za kuwapeleka nchi kavu. Kila mlango ulipofunguliwa Generoza alikuwa pale na kanga aliyoitoa kwenye mkoba wake. Alikuwa ameichagua ya kumfunikia mama.

Mlango wa kundi la mwisho ulipofunguliwa, Bi Yudita alitoka kwa miguu yake.

"Masikio yangu!" alisema. "Lifti gani hii ya kuua watu?"

Usoni alikuwa na alama nyekundu ya barakoa, kuzunguka pua na mdomo. Nywele zilikuwa zimesukwa upande mmoja tu. Generoza alimkumbatia, akacheka, kicheko kikubwa cha ovyo ambacho hakuwa amekicheka tangu mwezi uliopita, akamfunika kanga ile ile, akamwita mama, mama, mama. Mama mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameganda mikononi mwake, anatazama nyuma.

Melkiori alikuwa ameingia ndani ya lifti na kupiga magoti. Devota alikuwa ameketi sakafuni pembeni, ameegemea ukuta, macho wazi, na gauni lake limeloa damu kutoka kiunoni kwenda chini.

Kati ya watu wote wa Mtaa wa Chini alikufa mmoja tu, naye hakuwa bado amepewa jina.

*

Upepo ulilala siku iliyofuata.

Kambini, nchi kavu, watu walianza kunung'unika kwenye foleni ya uji. Mbona hakuna hata mmoja aliyezimia huko Chini? Mbona tulipanda wote tunapumua? Si yale yale ya king'ora? Bibi mmoja alimwuliza Generoza usoni kama anafuta utando wake au anauangalia tu. Generoza alimjibu kwamba anaufuta. Hakuwa na nguvu ya kusema zaidi. Kila asubuhi boti ilimpeleka jukwaani, akalowesha sponji, akasoma barometa, akashusha waya. Maji yalishuka mpaka yakafika moja, yakakaa hapo, kisha yakaanza kupanda bila haraka, kama mtu anayepona homa.

Usiku alilala hema moja na mama yake. Bi Yudita hakuwa akiongea sana. Asubuhi moja tu, akiwa anafungua zile nywele zilizosukwa nusu, alisema bila kuulizwa.

"Kitanda kilikuwa kimoja mle ndani ya lifti. Chenye barakoa ya oksijeni. Mwenyekiti wetu, Bi Mwamini, alisema alale mjamzito. Devota akakataa. Akasema haiwezekani yeye alale na mama mtu mzima akae chini. Akasema mimi nina nguvu, mama, wewe kifua chako kibovu, lala. Nikasema hapana. Akasema usinibishie, mama." Alivuta uzi mmoja mweusi kutoka kichwani, akautazama. "Nilisema hapana mara moja tu, Generoza. Mara ya pili sikusema."

Generoza alimshika mkono. Ni heshima ya kila siku, kumpisha mkubwa kiti, na hakuna aliyewahi kufundishwa kuihesabia hatari yake. Alikaa hivyo mpaka boti ilipopiga honi.

Siku maji yalipopita nne, Bi Mwamini alishuka na watu wachache kwenda kukagua mtaa. Generoza alikaa jukwaani karibu na simu. Ilipoita, sauti ya mwenyekiti ilikuwa ndogo.

"Tumewakuta kuku mabandani. Wote wamekufa. Wamelala kwenye viota vyao kama wanaotamia. Na paka wa shule, juu ya mkeka. Hakuna kilichopona, mwanangu. Kila chumba." Akavuta pumzi. "Tungekuwa sisi."

"Asante, Bi Mwamini."

"Nitawaambia wote kambini. Mungu akuweke."

Alirudisha simu mahali pake. Alitarajia kwamba siku akithibitishiwa hivyo atajisikia mwepesi. Alijisikia vile vile. Akakifuta kichwa cha mita, akakivika kikombe chake chenye unyevu ili utando usikauke, akapanda boti.

Njiani alipanga maneno ya kuwaambia Devota na mumewe. Angewaambia habari za kuku. Angewaambia habari za paka. Angesema watoto wote wa shule wako hai, wanacheza mpira wa makaratasi nyuma ya hema la uji, na kwamba angalau haikuwa bure. Aliyarudia na kuyarudia, na kila aliporudia yalizidi kuwa mazuri, naye alizidi kuyachukia.

Hema la wagonjwa lilikuwa limefunuliwa pembe ili upepo upite. Devota alikuwa amekaa kitandani, amefungwa kitambaa kichwani, mikono mapajani haina kazi. Melkiori alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea mguu wa kitanda. Grisi yote ilikuwa imemtoka. Alikuwa amejisugua mpaka ngozi ikachubuka. Hakuinua macho.

"Hodi humu."

"Karibu, dada," alisema Devota.

"Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa."

Generoza alisimama. Kuku walikuwa kwenye ncha ya ulimi wake. Lakini Devota alikuwa binti aliyelelewa, na mgeni akishaingia kuna mambo huulizwa kwanza, hata kama umelazwa, hata kama umezika.

"Mama ameamkaje?" aliuliza.

Aliuliza kwa nia njema kabisa, huku akimtazama usoni. Generoza akaziacha habari za kuku. Jibu la swali hilo ni moja, na kila mtoto analijua. Hapo chini Melkiori aliinua kichwa, akangoja.

"Hajambo," alisema Generoza. "Ameamka salama."

"Tunashukuru," alisema Devota.

Devota alinyoosha mkono, akamgusa mumewe begani, akauacha hapo, akangoja mpaka naye akaitikia.

"Tunashukuru," alisema Melkiori.